Hadidiski ya waya bapa bado inasomeka: kuelewa IDE kabla ya kuitupa

Katika ofisi nyingi za Mtwara na Lindi, nyuma ya kabati la mafaili au kwenye stoo, ipo kompyuta ya mezani iliyoacha kutumika miaka mingi iliyopita. Huenda ni ya chama cha msingi kule Tandahimba au Newala, na ndani yake zimo orodha za wakulima na kilo za korosho walizopeleka ghalani misimu ile ya kuanzia 2007, mfumo wa stakabadhi ghalani ulipokuwa bado mgeni. Huenda ni ya parokia, ya shule ya sekondari, au ya studio ya picha iliyopiga harusi za nusu ya mji. Siku mtu anapozihitaji kumbukumbu hizo, anafungua kasha, anachomoa hadidiski, na nyuma yake anakuta safu mbili za pini ambazo hazilingani na tundu lolote la laptopu yake. Anampelekea fundi, fundi anaigeuza mara mbili na kusema, "Hii ishakufa, mzee, tupa tu."

Kauli hiyo inapoteza vitu vingi mno mkoani kwetu. Hadidiski isiyochomeka na hadidiski iliyokufa ni mambo mawili tofauti kabisa, na ya kwanza ina dawa ya bei nafuu. Ila dawa hiyo haifanyi kazi kwa anayechomeka na kuomba Mungu. Lazima kwanza ajue kile kiolesura cha pini 40, yaani IDE, njia ya kuunganisha diski na kompyuta, kinafanya nini.

Tuanzie ndani. Hadidiski ina sahani zinazozunguka, nyingi mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na vichwa vidogo vinavyopita juu ya sahani hizo bila kuzigusa. Kichwa hakisomi herufi wala namba. Kinapokea mawimbi dhaifu ya umeme yanayotokana na alama za sumaku. Lazima pawe na kitu cha kuyageuza mawimbi hayo kuwa sifuri na moja, kujua kichwa kipo juu ya mstari upi, kurekebisha makosa, kisha kuikabidhi kompyuta baiti zilizo safi. Kazi hiyo ni ya kidhibiti. Na historia nzima ya violesura vya zamani inazunguka swali moja: kidhibiti hicho kikae wapi?

Mwaka 1980 kampuni tunayoijua leo kwa jina la Seagate ilitoa ST-506, hadidiski ya megabaiti 5. Kidhibiti chake kilikaa mbali nayo, kwenye kadi iliyochomekwa ndani ya kompyuta. Kati ya kadi na diski zilipita nyaya mbili bapa, moja ya pini 34 kwa ajili ya amri na nyingine ya pini 20 kwa ajili ya data, na katika waya huo wa data yalisafiri mawimbi ambayo hayajatafsiriwa bado. Matokeo yake yalikuwa ya kuudhi. Diski na kadi vilizoeana, na diski iliyofomatiwa kwa kadi moja haikuwa na hakika ya kusomeka kwa kadi nyingine. Kuongeza kasi nako kulikuwa kugumu, kwa sababu mawimbi ghafi huharibika njiani.

Katikati ya miaka ya 1980, Western Digital, Compaq na Control Data walikuja na jibu jingine: kidhibiti kihamie kwenye diski yenyewe. Compaq walianza kuuza kompyuta za namna hiyo mwaka 1986. Hiyo bodi ya kijani iliyofungwa kwa skrubu chini ya kila hadidiski ndicho kidhibiti kilichohama, na IDE ni ufupisho wa maneno yanayosema hivyo hivyo, kwamba elektroniki zimeunganishwa na diski. Upande wa kompyuta hakikubaki kitu kikubwa, ni njia tu ya kupitisha amri na data, iliyotokana moja kwa moja na njia za ndani za kompyuta ya IBM PC/AT ya mwaka 1984. Kutokana na AT hiyo ndipo kiwango chenyewe, kilipochapishwa rasmi mwaka 1994, kikaitwa ATA.

Hapa ndipo ninapowasihi mafundi wenzangu. Kwa kuwa kidhibiti kipo kwenye ile bodi, wengi huona njia ya mkato: bodi ikiungua, chukua ya diski nyingine inayofanana, ufunge. Kwa diski za zamani sana iliwezekana. Lakini diski za baadaye huhifadhi kwenye chipu ya bodi vipimo vya vichwa na sahani za diski ile ile moja, na pacha wake aliyetoka kiwandani siku hiyo hiyo ana vipimo tofauti. Bila kuhamisha chipu hiyo, bodi mpya haitazisoma sahani, na katika kujaribu inaweza kuongeza madhara.

Sasa majina, maana ndiyo yanayowachanganya wanunuzi. IDE, EIDE, ATA, Ultra ATA, UDMA, ATAPI, PATA: yote ni ya ukoo mmoja, na yote hutumia pini zile zile 40. EIDE lilikuwa jina la kibiashara la Western Digital kwa toleo lililoboreshwa. ATAPI ni nyongeza iliyoruhusu vifaa visivyo hadidiski, kama visoma CD, kutumia waya huo huo. UDMA na Ultra ATA hueleza kasi. PATA ni jina lililozaliwa mwisho, baada ya kuja SATA, kiolesura kilichochukua nafasi yake, ili kutofautisha ya zamani na mpya. Kwa hiyo ukiona adapta ya kuunganishia diski na USB imeandikwa IDE na diski yako imeandikwa Ultra ATA/100, nunua bila wasiwasi.

Waya wenyewe unastahili kuangaliwa kwa makini. Zile pini 40 zimepangwa safu mbili za ishirini, na katika waya uliotengenezwa vizuri pini ya 20 haipo: kwenye diski nafasi yake ni tupu, na kwenye kichwa cha waya tundu lake limezibwa, ili usiweze kuuchomeka kinyume. Nyaya nyingi za zamani hazikuwa na kinga hiyo. Njia ya uhakika ni kufuata mstari mwekundu pembeni ya waya, unaoonyesha pini ya 1. Kwenye karibu kila hadidiski ya inchi 3.5, mstari huo hukaa upande wa plagi ya umeme. Ukigeuza waya wa data, mara nyingi hakiungui kitu, diski inakaa kimya tu isionekane, na hapo ndipo watu hutangaza msiba wa diski iliyo hai. Plagi ya umeme ndiyo isiyosamehe. Waya wa njano ni volti 12, mwekundu ni volti 5, na mbili nyeusi za katikati ni ethi. Plagi hiyo ina pembe mbili zilizokatwa, usiilazimishe kamwe.

Utakutana pia na nyaya mbili zinazofanana kwa mbali, moja ikiwa na nyuzi nene na nyingine nyuzi nyembamba zilizosongamana. Ya kwanza ina nyuzi 40, ya pili 80, ingawa vichwa vya zote mbili vina matundu 40. Nyuzi 40 za ziada zote ni ethi, na kila mmoja umelala kati ya nyuzi mbili za ishara ili ishara ya jirani isivuje na kuharibu ya mwenzake. Kasi ilipopita megabaiti 33 kwa sekunde na kwenda 66, 100 na hatimaye 133, nyuzi hizo za ziada zikawa lazima. Kompyuta huangalia ni waya gani umechomekwa, na ikiona wa nyuzi 40 inajishusha hadi 33. Waya wa nyuzi 80 una rangi zake pia: kichwa cha buluu huenda kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), cheusi cha mwisho kwa diski ya kwanza, cha kijivu cha kati kwa diski ya pili.

Na hapo tunafika kwenye kitu kilichofanya diski nyingi nzima zitupwe kuliko kingine chochote, yaani jampa.

Waya mmoja wa IDE hubeba vifaa viwili. Kila amri inayotoka kwenye kompyuta hufika kwa vyote viwili kwa wakati mmoja, na ndani ya amri ipo biti moja inayosema anayeambiwa ni nani. Mafundi huviita masta na slevu. Kiwango chenyewe kinaandika kifaa 0 na kifaa 1, na hapa nafuata kiwango. Ili mpango huo ufanye kazi, kila diski lazima ijue namba yake, na diski haiwezi kubahatisha. Huambiwa na jampa, kile kiplastiki kidogo chenye shaba ndani kinachounganisha pini mbili, kati ya plagi ya umeme na pini za data. Lebo iliyobandikwa juu ya diski huchora jampa ikae wapi kwa kila chaguo.

Kuna chaguo la tatu, la kuachia waya uamue. Hapo pini ya 28 ndiyo inayobeba uamuzi: kichwa cha mwisho cha waya kina mawasiliano ya pini hiyo, kile cha kati hakina, na diski hujitambua kwa kuangalia tu imechomekwa wapi. Ni mpango mzuri ikiwa waya ni wa nyuzi 80 na diski zote mbili zimewekwa kwenye chaguo hilo hilo. Diski za Western Digital nazo zina tabia yao ya pekee, kwamba nyingi hutofautisha kifaa 0 kilicho peke yake na kifaa 0 chenye mwenzake. Ukiiweka kwa ajili ya wawili ilhali iko peke yake, kompyuta inaweza kukaa ikisubiri mwenzake ambaye hayupo.

Chukua basi diski iliyokuwa kifaa 1 katika kompyuta ya zamani ya ofisi, uichomeke peke yake kwenye adapta ya USB. Adapta nyingi huita kifaa 0 tu. Diski inazunguka, unaisikia, lakini haijibu, kwa sababu haijaitwa. Sogeza jampa, chomeka tena, faili zinatokea. Nimeliona hili likitokea mbele ya watu waliokuwa tayari wamekubali kwamba miaka ya kazi yao imepotea, na ndiyo sababu nalisisitiza kuliko mengine yote.

Kwenye laptopu za zamani hali ni tofauti kidogo. Diski ya inchi 2.5 ina pini 44 zilizokaribiana zaidi, na umeme hupita kwenye zile za ziada, volti 5 peke yake. Karibu nazo kuna pini nne nyingine za jampa, zilizotengwa kwa nafasi ndogo. Angalia vizuri usije ukachomeka adapta ikiwa imesogea safu moja au pini moja, maana umeme utaingia pasipotakiwa na bodi itaungua papo hapo.

Tatizo jingine ni ukubwa, na hili lina hesabu nzuri ya kueleza. Zamani kompyuta ilitafuta data kwa namba tatu: silinda (mistari ya duara iliyolingana kwenye sahani), kichwa na sekta (kipande cha mstari). BIOS, programu ya kuamshia kompyuta iliyo kwenye mazabodi, iliruhusu silinda 1,024, vichwa 256 na sekta 63. Kiwango cha ATA kiliruhusu silinda 65,536, vichwa 16 na sekta 255. Kila upande peke yake ulikuwa na nafasi ya kutosha kwa miaka ile. Lakini zikikutana, kila namba inakatwa kufuata iliyo ndogo: 1,024 kwa 16 kwa 63, kila sekta ikiwa na baiti 512. Jibu ni baiti 528,482,304. Diski kubwa kuliko hapo, iliyobaki haikuonekana. Hakuna aliyeuchagua ukuta huo; ulijengwa na pande mbili ambazo hazikuulizana.

Waliuvuka kwa kutafsiri namba, ukuta ukasogea hadi gigabaiti 8.4, kisha wakaacha kabisa habari ya silinda na vichwa na kuzihesabu sekta mfululizo kuanzia sifuri. Hesabu hiyo ilipewa biti 28, ambazo zinatosha gigabaiti 137. Mwaka 2002 toleo la sita la ATA liliongeza hadi biti 48, na Windows XP ilianza kuzikubali kuanzia kifurushi chake cha kwanza cha maboresho. Jambo la kukumbuka kwa anayeokoa data: diski ya gigabaiti 160 au 250 ikionekana ni ya 128 au 137 kwenye kompyuta au adapta ya zamani, usiandike chochote juu yake. Mashine isiyojua biti 48 inaweza kuandika data mahali pasipo pake, juu ya faili zako.

Kwa nini basi IDE iliachwa? Kwa sababu ya ule wingi wa nyuzi zake. Data ilisafiri biti 16 kwa pamoja, kila moja kwenye uzi wake, na zote zilipaswa kufika kwa wakati mmoja. Fikiria watu kumi na sita wakikimbia sambamba ufukweni Mikindani kwa sharti kwamba wavuke mstari pamoja: kadiri wanavyoongeza mwendo, ndivyo inavyokuwa vigumu kutopishana. Ndiyo maana waya wa IDE ulipewa kikomo cha sentimita 46. SATA, iliyoingia sokoni mwaka 2003, ilifuata njia nyingine kabisa, biti moja moja kwa mwendo mkubwa mno, gigabiti 1.5 kwa sekunde katika toleo la kwanza. Kila baiti hutumwa kwa biti 10 badala ya 8, kwa hiyo kasi hiyo ni megabaiti 150 kwa sekunde. Waya wake wa data una pini saba tu, unaweza kufika mita moja, na hubeba diski moja. Hakuna kifaa 0 wala kifaa 1 wa kupangiwa namba.

Hata hivyo jina la IDE halikutoka, na mkanganyiko wake bado unaendelea. Ukifungua BIOS ya kompyuta nyingi za mtumba za mwaka 2006 hadi 2012, za aina zinazotufikia kutoka Dar, utakuta SATA ina chaguo mbili: IDE na AHCI, njia mpya ya mfumo endeshi kuzungumza na diski za SATA. Hapo IDE haimaanishi waya bapa. Maana yake ni kwamba mazabodi inaficha SATA na kuionyesha kwa mfumo endeshi katika sura ya IDE, kwa faida ya mifumo ya zamani kama XP isiyokuja na programu ya kuendesha AHCI. Windows iliyowekwa kompyuta ikiwa kwenye chaguo moja, ukibadilisha kwenda jingine bila kuiandaa, huishia kwenye skrini ya buluu kabla haijawaka. Betri ya BIOS ikiisha, nasi tunajua umeme wetu unavyokatika, mipangilio hujirudisha yenyewe, na asubuhi mwenye mashine anaambiwa diski imeharibika. Kabla ya kupiga Windows upya, rudisha chaguo hilo lilivyokuwa uone.

Kwa kazi yenyewe ya kuokoa, nunua adapta ya USB yenye midomo mitatu: pini 40, pini 44 na SATA. Hakikisha imekuja na kifaa chake cha umeme, kwa sababu diski ya inchi 3.5 inahitaji volti 12 na tundu la USB linatoa 5. Kabla ya kuchomeka, zitazame pini. Hewa ya pwani yetu, kuanzia Kilwa hadi Msimbati, ina chumvi na unyevu, na pini zilizokaa stoo hujenga utando wa kijani au mweusi. Mswaki laini na spiriti ya asilimia 90 na zaidi hutosha. Acha ikauke kabisa. Juu ya diski utaona tundu dogo, mara nyingi limeandikwa lisizibwe. Ni la kupumulia, lina chujio ndani, na spiriti isiingie humo.

Washa, kisha sikiliza. Ikizunguka kwa sauti tulivu lakini haionekani, shuku jampa, waya na adapta. Isipozunguka kabisa, pima umeme kwanza. Ikigonga tak, tak, tak bila kukoma, zima mara moja, kwa sababu vichwa vinahangaika na kila dakika inaweza kukwaruza sahani. Ikionekana, Windows huenda ikakuomba uifomati. Kataa. Mara nyingi maana yake ni kwamba faharasa ya faili imeharibika au diski ilitumiwa na mfumo mwingine, na data bado ipo. Bora zaidi, washa kompyuta kwa Linux kutoka kwenye flashi, tumia ddrescue, programu ya kuokoa data kutoka diski zenye hitilafu, kunakili diski nzima sekta kwa sekta hadi kwenye diski nyingine, kisha tafuta faili katika nakala. Diski ya umri huo isifanyishwe kazi mara mbili.

Ukihesabu pini ukakuta 50 au 68, hiyo si IDE. Ni SCSI, kiolesura cha aina nyingine, cha seva na baadhi ya kompyuta za Apple za zamani, chenye namba za vifaa na vizuizi vya mwisho wa waya vya aina yake, na adapta ya IDE haitakusaidia. Itafutie kompyuta yenye kadi ya SCSI.

Wapo pia wasiotaka kutoa data tu, wanataka mashine iendelee, labda kwa sababu inaendesha mzani au programu ya hesabu isiyopatikana tena. Hao wana bahati. Kadi ya CompactFlash, ile ya kamera za zamani, inaelewa lugha ya IDE yenyewe, na kinachohitajika ni kipande rahisi cha kuhamisha pini 50 kwenda 40. Diski mpya ya SATA nayo huingia kwa kigeuzi kidogo chenye chipu. Weka ukubwa usiozidi gigabaiti 128 kama huna uhakika na BIOS, na kwa mashine ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 tafuta kadi isiyozidi megabaiti 512.